UZI: Tumeambiwa tuache sigara tangu 1953. Nani ametusaidia kuacha?

1. Kila Mswada wa Fedha ukifika, mjadala wa sigara unarudi. Huyu anasema, "Ongezeni ushuru, wataacha." Yule anajibu, "Mtu mzima aachwe na mapafu yake." Nasoma sayansi ya siasa, nimekulia Makadara, na nimevuta miaka minne. Naona pande zote mbili zinaongea kama vile kuacha ni kuamua tu. Tuangalie historia kidogo.

2. Marufuku kali ya sigara iliwahi kufika Eastlands, na haikutoka serikalini. Dharura ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka uliofuata, Mau Mau waliwaagiza Waafrika wa Nairobi wasipande mabasi, wasinywe bia ya Wazungu, wasivute sigara.

3. Haikuwa kampeni ya afya. Shida ilikuwa pesa zilikoenda, na pia ilikuwa njia ya kujua nani yuko upande gani. Moshi hauna siri. Katika mitaa kama Pumwani na Bahati, kuonekana na fegi mdomoni kungeweza kukugharimu maisha.

4. Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi wakauzingira mji: Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu wakapelekwa vizuizini, na mtandao wa Mau Mau mjini ukavunjika. Agizo likakosa wa kulisimamia. Hilo ndilo somo la kwanza: hofu inaweza kuzima fegi, lakini ikiondoka, hamu unaikuta palepale.

5. Baada ya uhuru, biashara iliendelea. BAT ilikuwa nchini tangu 1907, na makao yake yako Likoni Road, Industrial Area, jirani kabisa na sisi. Kwa hivyo sigara si kitu kilichotufikia kutoka mbali. Ni ajira, ni ushuru, ni hisa sokoni. Ndiyo maana mjadala wake haujawahi kuwa wa madaktari peke yao.

6. Mwaka 2004 Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Sheria yenyewe ikapita 2007, ikaanza kufanya kazi Julai 2008. Ilikataza matangazo, kuvuta hadharani nje ya sehemu zilizotengwa, kuwauzia walio chini ya miaka 18, na (shikeni hii) kuuza sigara mojamoja. Pakiti isiwe na chini ya vijiti 10.

7. Kanuni za 2014 zikaongeza picha za maonyo kwenye pakiti, na mchango wa 2% kutoka kwa watengenezaji na waagizaji. Kesi ikaanza Mahakama Kuu, ikaenda Rufaa, ikafika Mahakama ya Juu. Novemba 2019 serikali ikashinda. Ilikuwa miaka mitano tangu kanuni ziandikwe.

8. Sasa njoo mtaani. Kibanda chochote, saa moja jioni. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba. "Mathe, nipe fegi moja na Patco." Unawasha hapohapo. Miaka minne nilivuta hivyo, na pakiti yenye picha ya mapafu sikuwahi kuishika mkononi. Kesi ya miaka mitano ilinipita kwa sababu nilinunua moja moja.

9. Ushuru je? Unasaidia, tusidanganyane. Shirika la Afya linakadiria kwamba katika nchi kama yetu, bei ikipanda 10%, matumizi hushuka kama 5%. Tangu Desemba 2024, ushuru ni shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, yaani shilingi nne na senti kumi kwa fegi moja. Lakini anayenunua moja moja husikia ongezeko la shilingi moja tu. Hiyo bado anaimudu, hata siku ya njaa.

10. Halafu kuna arosto. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na ukiikatiza, siku za kwanza ndizo mbaya zaidi. Usingizi hakuna, hasira bila sababu, kichwa kizito. Nilijaribu kuacha mara tatu, na mara zote nilianguka siku ya tatu. Sikukosa msimamo. Sikujua kwamba hiyo siku ya tatu hupita.

11. Mara ya nne nilimwomba mathe wa kibanda asiniuzie tena. Akacheka. "Kijana wangu, nisipokuuzia, utanunua kwa huyo jirani. Lakini hapa kwangu hupati." Na hakuniuzia, hata nilipomkasirikia. Nina miezi minane sasa. Mpango wangu wote wa kuacha ulikuwa mama mmoja aliyekubali kupoteza mteja.

12. Na dawa zipo! Chingamu na plasta za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya tangu 2009. Niliyoulizia mimi dukani ilikuwa ghali kuliko fegi zangu za wiki nzima.

13. Hapa ndipo siasa inapoingia. Ushuru wa sigara unaenda serikali kuu. Mfuko wa kudhibiti tumbaku, ambao kusaidia watu kuacha ni moja ya kazi zake, pia ni wa serikali kuu. Lakini zahanati ya Kayole au Umoja, tangu ugatuzi wa 2013, iko chini ya kaunti. Kila mmoja ana wa kumnyooshea kidole.

14. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulihesabu watu wazima milioni 2.5 wanaotumia tumbaku. Kwa hivyo mgombea akija uwanjani na "tutaongeza ushuru" au "tutalinda uhuru wenu", muulizeni swali moja: kati ya hizo shilingi nne na senti kumi, ni ngapi zitafika zahanati yetu kama chingamu, plasta na mtu wa kuongea naye?

15. Kama uko siku ya tatu leo: namba 1192 ya NACADA ni ya bure. Piga. Na kama una kibanda, wewe ni muhimu kuliko unavyodhani.

Mwisho wa uzi. Waliowahi kuacha, tuambieni: nani aliwashika mkono?