Kungojea Jibu: Habari za Malale katika Nchi Yetu ya Kongo

Nani kati yetu hajaketi kwenye benchi ya hospitali akiutazama mlango wa maabara? Umekwisha kutoa damu ao makohozi. Mganga ameandika jina lako katika kitabu, akakuambia: «Ngojea.» Tangu saa ile huna kazi tena. Kulima huwezi, kulala huwezi. Mganga akipita akicheka na mwenzake, unasema moyoni: labda mimi ni mzima. Akipita amenyamaza, unasema: kumbe nimekwisha.

Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilingojea jibu la makohozi siku nane, katika hospitali ambayo sitaitaja. Siku ya nane nikaambiwa karatasi imepotea, nianze tena. Siku ya kumi na mbili jibu likaja: hakuna kitu. Lakini katika siku zile nilikuwa nimekwisha kumwambia mke wangu ni nani anayetudai fedha na ni nani tunayemdai. Alinisikiliza bila kusema neno, akaenda kuteka maji.

Ndipo nilipoanza kuwawaza wazee wetu, kwa maana wao walingojea majibu magumu kuliko langu. Leo nataka kueleza habari ya malale, yaani ugonjwa wa usingizi, na habari ya watu walioambiwa: «Ngojea.»

Ugonjwa huu huletwa na inzi wa tsetse, ambaye wengine humwita mbung'o. Akikuuma, anaweza kukutilia vijidudu ndani ya damu. Katika Kongo malale huenda polepole sana. Miezi hupita, hata miaka, na mtu hulima, huoa, huzaa, haoni ila homa za mara kwa mara na kuumwa kichwa. Kisha vijidudu huingia katika ubongo. Hapo mtu husinzia mchana na kukesha usiku, tabia yake hubadilika, naye asipopata dawa, karibu kila mara hufa. Angalieni neno hili: wakati unaofaa kumpima mtu ndio wakati anapojiona mzima. Anayekuja kupimwa hakuletwa na maumivu. Ametoka shambani na jembe begani, na jioni anaweza kurudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kidole. Mwaka 1803 daktari Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyekuwa amekaa Sierra Leone, aliandika kwamba wenye ugonjwa huu huvimba tezi nyuma ya shingo, na kwamba wafanya biashara ya watumwa waliijua alama hiyo, wakakataa kumnunua mtu mwenye tezi za namna hiyo. Basi kabla ya kuwa kipimo cha kuponya, kilikuwa kipimo cha kununua.

Kwetu ugonjwa ulienea sana mwishoni mwa karne ya 19, wakati watu walipohamishwa na kusafirishwa huko na huko juu ya mito, wapagazi, askari na wakata mpira. Misheni nazo hazikuachwa. Mapadri wa Scheut walikuwa wamefungua Berghe-Sainte-Marie karibu na Kwamouth mwaka 1888. Malale iliua watu wengi mno hata wakalazimika kupaacha mahali pale. Upande wa mashariki, kando ya ziwa Victoria katika Uganda, watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache tangu 1900.

Hapo wenye elimu walianza kutafuta kwa haraka. Mwaka 1902 Joseph Dutton, daktari wa shule ya Liverpool, alikipa jina kijidudu kilichoonekana katika damu ya mgonjwa wa Gambia. Muda mfupi baadaye Aldo Castellani alikiona katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa Entebbe, na mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba anayekileta ni inzi. Tangu siku hizo jibu halikukaa tena katika kidole peke yake, bali chini ya kioo cha darubini.

Mwaka uleule wa 1903 mfalme Leopold II aliwaita watu wa Liverpool waje Kongo. Wakaja Dutton, Todd na Christy. Dutton na Todd walipanda mto mpaka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, wakaendelea hata Kasongo katika Maniema. Njiani walichunguza pia homa inayoletwa na kimputu, yule kupe wa nyumba za udongo ambaye wasomaji wa Maniema hawana haja ya kuelezwa. Homa hiyo iliwashika wenyewe. Dutton alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, kijana bado. Todd alipona, na mwaka 1906 neno lao lilichapishwa: kushika tezi za shingo ni njia nyepesi ya kuwatambua wenye malale. Serikali ikaipenda njia hiyo, kwa kuwa kidole hakina bei. Watu wakapangwa mistari, shingo zikashikwa. Mwenye tezi alitengwa.

Alitengwa wapi? Katika lazareti. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo hofu ilipopata mizizi. Lazareti ilikuwa mahali pa kuwakusanya wagonjwa mbali na wazima, ili inzi asiwaume hawa akaenda kuwauma wale. Shauri lenyewe lilikuwa na maana. Lakini dawa ya kweli haikuwako, na wengi walioingia hawakutoka. Mtu alichukuliwa angali na nguvu za kubeba mzigo wake mwenyewe, akawekwa pamoja na watu waliokwisha kupoteza akili, akawa anatazama kila siku jinsi atakavyokuwa. Masista waliotumikia katika nyumba hizo walifanya walivyoweza. Nyumbani mkewe alingojea, asijue kama amekwisha kuwa mjane ao bado.

Dawa ya kwanza iliyotumiwa kwa wingi ni atoksili, yenye sumu ya aseniki. Profesa Robert Koch aliijaribu katika visiwa vya Sese vya Uganda mwaka 1906 na 1907. Vijidudu vilitoweka katika damu kwa muda, kisha vikarudi. Na baadhi ya wagonjwa wake walipofuka macho.

Basi, msomaji, ujiweke mahali pa mzee mmoja wa wakati ule. Wanakuambia ujipange ushikwe shingo. Ukiwa mzima, hupati kitu. Ukiwa mgonjwa, unapata lazareti na sindano inayoweza kukupofusha. Je, wewe ungejipanga? Wengine huandika kwamba wazee wetu walikimbilia msituni kwa ujinga. Mimi sikubali. Walikuwa wamehesabu, na hesabu yao ilikuwa sawa.

Katika miaka hiyohiyo maabara ya Léopoldville, iliyoanzishwa mwaka 1899, ilikuwa ikifanya kazi kubwa. Madaktari Broden na Rodhain walijifunza kupima maji ya uti wa mgongo ili kujua kama ugonjwa umefika katika ubongo. Hivyo kungojea kukawa mara mbili. Kwanza: je, ninao? Kisha: je, umefika wapi? Na hili la pili lilitaka sindano ndefu katika mgongo, mtu ameinama kama mtoto tumboni. Mpaka leo, ukitaja malale mbele ya wazee, wengi hushika kiuno kabla ya kujibu.

Mwaka 1920 mama mmoja daktari, Louise Pearce, alitoka New York akaja Léopoldville na dawa mpya, triparsamidi. Hiyo iliwaponya hata watu ambao ubongo wao ulikuwa umeguswa, na wengi waliokuwa wamepotewa na akili wakarudi kwa jamaa zao. Ndipo serikali ilipopanga vikundi vya waganga wa kupita kijiji kwa kijiji, na tangu 1930 mfuko wa Malkia Elisabeth, ulioitwa FOREAMI, ukafanya kazi hiyo katika Kongo ya Chini. Kapita aliwaita watu, majina yakasomwa katika kitabu, tezi zikashikwa, maji ya tezi yakatazamwa chini ya darubini palepale chini ya mti. Lakini triparsamidi nayo ilikuwa na jicho baya. Huko Bafia, katika Kameruni, karibu na mwaka 1930 watu kama 700 walipofuka kwa kupewa kipimo kikubwa mno. Habari za namna hii huvuka mipaka bila pasi.

Hata hivyo kazi ya vikundi vile ilizaa matunda. Wagonjwa wapya walipungua kutoka makumi ya maelfu kwa mwaka karibu na 1930 mpaka elfu moja na kitu tu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kisha vita na fujo za baada ya 1960 zikavunja mpango. Magari yakasimama, darubini zikaharibika. Mwaka 1990 Ubelgiji ulipokata misaada yake, mambo yakawa mabaya zaidi. Mwaka 1998 nchi yetu iliandika wagonjwa wapya zaidi ya 26,000, na hao ni wale waliopimwa tu.

Wakati huo kulikuwako kipimo kingine, kilichotengenezwa Antwerp mwaka 1978. Kinaitwa CATT. Tone la damu ya kidole huwekwa juu ya karata nyeupe, linachanganywa na dawa ya buluu, na karata inazungushwa dakika tano. Madoa ya buluu yakijikusanya kama maziwa yaliyoganda, damu ina neno la kuulizwa. Utaona maajabu: jibu ambalo zamani lilichukua siku nyingi, sasa kijiji kizima hulipata kabla ya adhuhuri.

Je, hofu ilikwisha? Hapana. Kwanza, karata huzungushwa mbele ya watu wote. Anayeambiwa aende kwenye meza ya pili huonwa na mama mkwe, na jirani, na mtu aliyetaka kumwoza binti yake. Pili, karata haisemi hakika. Wengine karata huwataja, lakini darubini haioni kijidudu hata kimoja, kwa kuwa vijidudu vya malale huwa vichache sana katika damu, leo vipo na kesho havionekani. Watu hao hawana jina. Si wagonjwa, maana hawapewi dawa; si wazima, maana wanaambiwa warudi baada ya miezi kadhaa wapimwe tena. Mimi naona hii ndiyo saa ngumu kuliko zote. Mgonjwa ana kitanda chake na mzima ana shamba lake. Huyu wa katikati ana nini? Kila akisinzia baada ya kula, nyumba nzima inamtazama.

Na aliyeonekana kuwa mgonjwa aliinama apigwe sindano ya mgongo. Chembe nyeupe zikizidi tano katika tone la maji lililopimwa, hukumu ilikuwa melarsoproli, dawa iliyoanza kutumiwa mwaka 1949. Nayo pia ina aseniki. Ikipita katika mshipa huunguza kama moto, na katika kila wagonjwa ishirini iliua karibu mmoja. Pamoja nayo zilikwenda amri ambazo wengi wa makwetu wanazijua: usile chakula cha moto, usikae juani, usifanye kazi nzito, usilale na mkeo ao mumeo kwa miezi sita. Tena baada ya dawa mtu alitakiwa kurudi kila miezi sita kwa miaka miwili, na kila mara mgongo ulitobolewa, ndipo aambiwe amepona. Miaka miwili ya kungojea! Wengi walirudi mara ya kwanza, wachache mara ya pili, na mara ya nne karibu hakuna mtu. Waganga walilalamika. Lakini mtu anayejisikia mzima, ambaye safari yake ni siku mbili kwa miguu, mtamlaumu kwa nini?

Dawa nyingine zilikuja, zisizo na aseniki, ingawa zilihitaji maji ya mshipani, vitanda na wauguzi wengi. Kisha watu wa nchi yetu walishika kazi wenyewe. Dawa ya vidonge iitwayo feksinidazoli ilijaribiwa hasa hapa Kongo, chini ya uongozi wa daktari Mkongomani, Victor Kande, katika hospitali za mbali ambako umeme wa jua ulipaswa kufungwa kwanza. Mwaka 2018 ikakubaliwa. Wagonjwa wengi, wasiokuwa na dalili nzito, hawahitaji tena kutobolewa mgongo kabla ya kuanza dawa. Mwaka huo duniani kote waliandikwa wagonjwa wapya chini ya 1,000.

Nimewauliza waganga wawili wanaopita vijijini kwa pikipiki kama watu bado wanakimbia. Wakasema wapo wanaojificha, lakini si kama zamani. Wengine sasa hupeleka watoto wao mbele kwa hiari. Karata ni ileile ya buluu, dakika ni zilezile tano. Kilichobadilika ni kile kinachomngojea mtu upande wa pili wa meza. Anapewa vidonge kwa siku kumi, anavimeza mbele ya mganga, na kila siku lazima ale kwanza chakula, ndipo dawa iingie vizuri mwilini. Mganga mmoja aliniambia kwamba wazee, wakikumbuka zile amri za zamani, humwuliza mara mbili: «Chakula cha moto pia?» Naye huwajibu: «Cha moto pia, baba. Shiba kabisa.»