Sigiri na mielekeo yake 24

Ukikaribia Katwe, Kampala, masikio hutangulia macho. Nyundo zinagonga bati tangu asubuhi. Mafundi hukata mapipa na vyuma chakavu, wakavikunja kuwa sigiri, jiko la mkaa la mpishi wa mjini.

Kabla ya sigiri palikuwa na mawe matatu. Waswahili huyaita mafiga, Waganda huyaita amasiga, na kwa Waganda neno hilohilo hutaja pia matawi ya ukoo. Juu yake matooke yalipikwa kwa mvuke, yamefungwa ndani ya majani ya mgomba, saa baada ya saa kwa moto wa taratibu. Lakini mawe na kuni havienei kwenye chumba cha kupanga. Mji ulipopanuka, malori yakaleta mkaa kutoka Nakasongola na Luweero, na bati likachukua nafasi ya mawe.

Bati lilikuja na kasoro yake. Kaa jekundu lenye joto la nyuzi 730 hivi za Selsiasi linaweza kumwaga karibu kilowati 57 za mnururisho kwa kila mita ya mraba, tena kila upande. Mwaka 1879 Josef Stefan alionyesha ukali wa jambo hilo: joto likihesabiwa kutoka nyuzi 273 chini ya sifuri, likiongezeka maradufu, mnururisho huongezeka mara 16. Mpishi hakuhitaji kumsoma Stefan. Muundi wake ulimweleza, kwani bati nalo hupata moto na kuutupa chumbani badala ya kuupeleka kwenye sufuria.

Dawa ilipatikana Nairobi. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati ulifanyika huko mwaka 1981, na miaka ileile mafundi wakaunda jiko lenye kiuno chembamba, nje bati, ndani udongo wa kuchomwa, kwa kuazima wazo la jiko la ndoo la Thailand. Kampala nayo ikapata majiko ya udongo, yakiwemo ya Ugastove, na Chuo Kikuu cha Makerere kikawa na kituo cha nishati, CREEC, kinachopima majiko.

Kupima ni jambo moja, kukokotoa ni jingine. Mielekeo ambayo joto huifuata haina idadi, kompyuta itaihesabuje? Jibu lilianza zamani. Mwaka 1905 Arthur Schuster, akichunguza mwanga unaopita kwenye ukungu, aliridhika na miwili: kwenda na kurudi. Subrahmanyan Chandrasekhar, aliyezaliwa Lahore mwaka 1910, aliongeza mielekeo michache, kila mmoja na uzito wake, na kitabu chake cha 1950 kikaieneza njia hiyo. Huko Los Alamos, Bengt Carlson akaiendeleza kwa ajili ya nyutroni. Baadaye wahandisi wa tanuri wakaichukua. Mpango mmoja maarufu una mielekeo 24, mwingine 80.

Mielekeo 24 ni michache mno kwa kaa moja gizani. Ukutani mwanga halisi hufifia polepole. Kwenye kompyuta hutokea michirizi, kana kwamba kaa linachungulia kupitia matundu ya chujio. K. D. Lathrop aliichambua hitilafu hiyo mwaka 1968. Kuongeza mielekeo huififisha michirizi, lakini kila mwelekeo mpya ni hesabu nyingine nzima.

Fundi wa Katwe hana anasa hiyo, wala haihitaji: huziba kwa udongo mielekeo asiyoitaka na kuacha wazi ule wa juu. Mei 2023, Rais Museveni alipopiga marufuku biashara ya kuchoma mkaa kaskazini mwa Uganda, kila kaa lililookolewa lilizidi kuwa na maana. Ila udongo nao una adui: mchuzi ukifurika juu ya jiko lenye moto, udongo hupasuka. Kupitia ufa huo makaa hulitazama tena bati, na mpishi husogeza kigoda chake upande wa pili.