Vituo Vilivyokula Siku: Safari ya Dar es Salaam na London

Kutoka Dar es Salaam hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 7,500. Babu zetu walikuta umbali huohuo. Muda wa kuumaliza ndio uliobadilika, na kila ulipopungua kulikuwa na kituo kilichofutwa njiani.

Enzi za bahari, majahazi yalikwenda Muscat kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Aliyekosa upepo alisubiri msimu mwingine. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za Ulaya hazikulazimika tena kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hata hivyo safari ilibaki ya wiki kadhaa, bandari baada ya bandari.

Mwaka 1931 Imperial Airways ilifikisha safari zake za London hadi Mwanza. Mwaka uliofuata njia ikaendelezwa mpaka Cape Town kupitia Moshi, Dodoma na Mbeya. Dar es Salaam ikaachwa kando. Ilipata zamu yake mwaka 1937, ndege za majini za Short Empire zilipoanza kutua katika bandari yake zikielekea Durban kutoka Southampton. Mwendo wa ndege hizo ulikuwa kama kilomita 260 kwa saa. Kwa hesabu tupu, kilomita 7,500 zingemalizika kwa saa 29. Abiria alitumia siku kadhaa, maana ndege ilishuka mara kwa mara kujaza mafuta, na usiku ukiingia watu walilala hotelini.

East African Airways ilianzishwa mwaka 1946. Ndege za jeti, Comet 4 mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, zilipunguza vituo vya njiani. Shirika likavunjika mwaka 1977, na Air Tanzania ikazaliwa. Baadaye British Airways ilifika Dar moja kwa moja kwa takriban saa kumi. Iliposimamisha safari hizo mwaka 2013, wasafiri wengi wa London walirudi kwenye vituo: Doha, Dubai, Addis Ababa. Ndege zilikuwa bora kuliko zamani, lakini safari ikarefuka.

Kituo kingine kiko nyumbani. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ulioko Kipawa, ulipata jengo la pili la abiria mwaka 1984 na la tatu mwaka 2019, ila anayetoka Bunju, Kinondoni, au Mbagala, Temeke, bado anaondoka mapema mno kwa hofu ya foleni. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililozinduliwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba kikwazo cha barabarani nacho huondolewa. Dakika iliyookolewa Barabara ya Nyerere, iendayo uwanjani, ina thamani ileile ya dakika iliyookolewa angani, na gharama yake iko ndani ya uwezo wetu. Wapanga jiji waihesabu njia ya kwenda uwanjani kuwa sehemu ya safari ya ndege, kwani kwa abiria wa Mbagala safari huanzia mlangoni pake.