Ulimi wa reli: chuma kinachoamua treni iende wapi

Septemba 27, 2025 ilitimia miaka 200 tangu kichwa cha mvuke cha George Stephenson kivute mabehewa kwenye reli ya Stockton na Darlington, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Waingereza waliufanya mwaka mzima kuwa wa sherehe. Agosti, mjini Derby, vilikusanywa vichwa na mabehewa ya kila zama, na watu wakamiminika kuvitazama. Ndivyo ilivyo popote penye reli: kichwa ndicho kinachopigwa picha.

Kifaa ninachotaka kukizungumzia hakipigwi picha. Kimelala chini, kimejaa grisi na vumbi, na abiria hukitambua kwa mtikisiko tu, pale behewa linapopiga "taka-taka" likiingia stesheni. Watu wa reli hukiita pointi. Ni mahali ambapo njia moja inakuwa mbili.

Nilikijua nikiwa mtoto pale Kilosa, ambako tawi la kwenda Kidatu linaachana na Reli ya Kati. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia. Siku moja alinichukua tukasimama kando ya pointi, akaangusha wenzo wenye pande zito mwishoni, na mbele yetu ndimi mbili za chuma zikahama kwa pamoja kutoka upande huu hadi ule. Nilidhani kazi imekwisha. Mjomba akachuchumaa, akapitisha kidole pale ulimi ulipoegemea reli mama, ile isiyohama, akafuta mchanga kwa kitambaa, kisha akagonga nati moja baada ya nyingine kwa nyundo ndogo huku ametega sikio. Nati iliyokaza, aliniambia, hulia kama kengele, na iliyolegea hulia kama debe. Kokoto moja ndogo kama punje ya hindi ikinasa pale, ulimi haufungi, na gurudumu likikuta mwanya litaingia.

Hapo ndipo penye historia nzima ya kifaa hiki. Ulimi ni reli iliyochongwa hadi ncha yake ikawa nyembamba kama kisu, ili ilale sawasawa ubavuni mwa reli mama. Ziko mbili, zimeunganishwa kwa pau za chuma ili zitembee pamoja: mmoja ukifunga, mwenzake unafunguka. Gurudumu la treni lina ukingo kwa ndani, na ukingo huo hufuata chuma kinachouelekeza. Ndimi zikiwa nusu huku nusu kule, magurudumu ya kushoto na ya kulia yanapewa amri mbili zinazopingana.

Mwanzoni hapakuwa na amri wala komeo. Reli ya Stockton na Darlington ilikuwa njia moja yenye vipande vya kupishania, na ugomvi wa waendesha mikokoteni ya farasi kuhusu nani arudi nyuma ulikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1838 Charles Fox, mhandisi wa reli ya London na Birmingham, alipata hataza ya pointi zenye ndimi zilizochongwa. Huyu ndiye Fox ambaye baadaye kampuni yake ilijenga jumba la vioo la maonyesho ya London ya 1851. Marekani walichukua njia nyingine. Walitumia reli butu, zisizochongwa, zinazosukumwa nzima nzima kutoka njia moja kwenda nyingine. Zilikuwa rahisi kuunda, lakini jua likiwaka chuma kilitanuka kikakwama, na treni iliyokuja kutoka upande usiofungwa iliporomokea kwenye kokoto. Zikaachwa pole pole. Ukumbuke muundo huo, kwa sababu umerudi.

Sasa nifike kwenye ugomvi ulionivuta kwenye habari hii.

Katika miaka ya 1840, penye makutano ya Bricklayers Arms kusini mwa London, mhandisi Charles Hutton Gregory alikusanya vifaa vya kuongozea treni mahali pamoja. Mlinzi alisimama jukwaani, akakanyaga vikanyagio kama vya tandiko la farasi kushusha mikono ya ishara, na pembeni akavuta nyenzo za pointi. Kabla ya hapo alikuwa akikimbia mvuani kutoka pointi hadi pointi. Ilikuwa nafuu kubwa, ila ilikuwa na pengo: miguu yake ilisema jambo moja na mikono yake ikaweza kusema jingine. Angeweza kumpa dereva ruhusa ya kupita huku ndimi zimeelekea njia yenye treni nyingine.

Hapa anaingia John Saxby, seremala wa reli ya Brighton. Mwaka 1856 alipata hataza ya kifaa kilichofunga pointi na ishara kwenye wenzo mmoja: ukivuta, vyote vinatembea kwa wakati mmoja. Kilisimikwa palepale Bricklayers Arms. Kwa macho ya haraka tatizo limekwisha. Lakini jiulize: fito inayokwenda kwenye pointi ikikatika, au mchanga ukizuia ulimi? Wenzo unavutwa vilevile, ishara inashuka vilevile, dereva anaambiwa "pita", na ulimi uko nusu njia. Kutembea pamoja si kuhakikishana.

Aliyeliweka wazi pengo la vikanyagio hakuwa fundi, alikuwa mkaguzi. Tangu 1842 sheria ya Uingereza iliipa Bodi ya Biashara uwezo wa kuahirisha kufunguliwa kwa reli mpya isiyo salama, na wakaguzi wake walikuwa maofisa wa jeshi la uhandisi. Desemba 1859 mmoja wao, Kanali William Yolland, alikwenda Kentish Town, London, kukagua makutano ya reli mpya ya Hampstead. Alikuta vikanyagio vya mtindo wa zamani, akaona kwamba vinamruhusu mlinzi kutoa ishara zinazogongana. Akakataa kupitisha. Wakurugenzi walikuwa wamekwisha kujenga njia na tarehe ya kuifungua ilikuwa mlangoni. Yolland hakulegea.

Austin Chambers, mtumishi wa reli ya North London, ndiye aliyepata jawabu. Hakutaka vitu vitembee pamoja, alitaka vifuatane. Wenzo wa ishara umefungwa, hautikisiki, mpaka wenzo wa pointi umalize safari yake yote. Ukishashusha ishara, ni zamu ya wenzo wa pointi kufungwa. Kanali aliridhika, na Januari 1860 njia ikafunguliwa.

Mwaka huohuo wa 1860 Saxby naye alichukua hataza ya kifaa chenye nyenzo zinazofungana. Mwaka 1862 aliungana na John Stinson Farmer, wakajenga karakana Kilburn, na fremu zao za nyenzo zikasambaa Uingereza na ng'ambo. Jina la Saxby ndilo lililochongwa kwenye vibao vya shaba. Chambers alibaki kwenye kurasa za watu wanaopenda reli kupita kiasi. Wafaransa nao wana dai lao: fundi wao Vignier, wanasema, alikuwa amekwisha kufunga nyenzo za aina hiyo kwenye reli ya Magharibi kule Paris mwaka 1855, na wapo wanahistoria wanaowaunga mkono.

Mimi nampa Saxby heshima ya kuwa mfanyabiashara hodari na fundi asiyechoka kurekebisha kazi yake. Lakini wazo lenyewe, kwamba jambo la pili lisiwezekane kabla la kwanza halijakamilika, kwa Uingereza nampa Chambers. Na nyuma ya Chambers namweka Yolland aliyesema hapana wiki chache kabla ya ufunguzi. Wakaguzi wa aina yake hawajengewi sanamu, na nadhani ni kosa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda hatua kwa hatua, na karibu kila hatua ilitanguliwa na jeneza. Agosti 1873, usiku, treni ndefu ya watalii iliyokuwa ikielekea Scotland ilipita kwenye pointi za Wigan. Sehemu ya mbele ilipita salama. Mabehewa ya nyuma yaliacha njia na watu 13 wakafa. Hofu ya pointi ambazo treni inazikabili kwa ncha ilikuwa ya zamani. Baada ya Wigan komeo likawa jambo lisilokwepeka. Ni kipande cha chuma kinachochomekwa kwenye tundu la upau ndimi zikiwa zimefunga barabara, wala hakiingii zikiwa pungufu. Pembeni ya reli ukawekwa upau mrefu unaokandamizwa na magurudumu yenyewe, ili mlinzi asiweze kuchomoa komeo treni ikiwa bado juu yake. Juni 1889, treni ya wanafunzi wa shule ya Jumapili ilipata ajali Armagh, Ireland, na watu 80 wakafa. Haikuwa ajali ya pointi, lakini hasira yake ilizaa sheria iliyofanya nyenzo zinazofungana kuwa lazima kwenye reli za abiria. Kufikia 1899 hewa iliyoshindiliwa na umeme vilikuwa vimeanza kufanya kazi ya misuli.

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini utaona kitu. Akili karibu yote ilikwenda upande wa mlinzi: fremu, nyenzo, makomeo, nyaya. Kule mwisho, chini kwenye kokoto, zile pau zinazoshika ndimi mbili zisiachane ziliendelea kuwa kazi ya mhunzi: upau bapa, mabano, bolti, nati. Zilitegemea mtu mwenye spana na nyundo.

Mei 10, 2002, treni iliyotoka London kwenda King's Lynn ilifika Potters Bar kwa mwendo wa karibu kilomita 156 kwa saa. Nati za pau kwenye pointi za hapo zilikuwa zimetoka, ndimi zikahama chini ya treni, na behewa la mwisho likaishia limelala kukingama jukwaani. Watu saba walikufa. Kampuni iliyokuwa na mkataba wa matengenezo ilidokeza kuwa huenda ni hujuma. Wachunguzi hawakupata ushahidi wa hujuma.

Miaka mitano haikutimia. Februari 23, 2007, treni ya London kwenda Glasgow ilifika Grayrigg, Cumbria, kwa kilomita 153 kwa saa. Mabehewa yote tisa yaliacha njia, manane yakatelemka kwenye tuta, na bibi mmoja mwenye umri wa miaka 84 akapoteza maisha. Taarifa ya tume ya uchunguzi wa ajali za reli ya Uingereza ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko andiko lolote kuhusu pointi. Inaeleza jambo dogo sana. Ulimi uliokuwa wazi ulikuwa karibu mno na reli mama. Kila gurudumu lililopita liliugonga kwa mgongo wake, pigo likasafiri kwenye upau hadi kwenye bolti. Bolti zikalegea, upau mmoja ukaachia, mzigo wake ukabebwa na mwingine, nao ukavunjika, mpaka ulimi wa kushoto ukawa huru kabisa. Siku tano kabla, ukaguzi wa kawaida wa kutembea kwa miguu uliruka kipande hicho cha njia. Siku mbili kabla, treni ya kupima reli ilipita hapo na kamera yake ikanasa kasoro ya upau, lakini hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kutafuta kasoro ya aina hiyo kwenye picha.

Shirika la miundombinu ya reli, Network Rail, lilipigwa faini ya pauni milioni 3 kwa Potters Bar mwaka 2011 na pauni milioni 4 kwa Grayrigg mwaka 2012. Lililoniuma zaidi kwenye taarifa ni pale wachunguzi wanaposema kuwa wenye reli wenyewe hawakuelewa kikamilifu mahitaji ya pau zile. Zilikuwa zimetumika miaka na miaka kwa sababu zilikuwa zimetumika miaka na miaka.

Baada ya hapo ndipo upau ulipochorwa upya. Ule bapa umekuwa ukibadilishwa kwa upau wa bomba, ulio imara zaidi, wenye viungo visivyolegea kwa urahisi. Chuo Kikuu cha Loughborough nacho kimeunda pointi zinazoitwa Repoint, ambazo zimerudi kwenye reli butu za Wamarekani: reli inanyanyuliwa, inaruka, inashuka na kukaa kwenye kitako chake chenye mfereji. Uzito wake na umbo la kitako ndivyo vinavyoifunga. Inasukumwa na mota zaidi ya moja, ili moja ikifa nyingine zimalize kazi. Kilichowaangusha Wamarekani sasa kinajaribiwa kuwa dawa.

Sisi nasi tumeingia kwenye mwendo huo. Agosti 1, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua treni za reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, njia iliyojengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Ni karibu mwendo ule ule wa Potters Bar na Grayrigg. Najivunia reli hii na nimeipanda. Lakini katika maneno yote niliyoyasikia kuihusu, viti, umeme, nauli, saa za safari, sijasikia mtu akiuliza kuhusu pointi zake wala mafundi wanaozitunza. Watu wa genge walikuwa wanafahamika kwa majina katika stesheni za zamani. Mama zetu waliwapelekea uji. Leo wanafanya kazi usiku, nyuma ya uzio, hatuwaoni.

Nyundo ya mjomba ninayo nyumbani. Mpini umebadilishwa mara mbili. Upande mmoja wa kichwa chake umelika hadi ukawa mviringo, ule aliokuwa akigongea nati.