Siri ya rangi nyekundu katika mizizi ya maharagwe

MKULIMA anapong'oa mche wa maharagwe, kunde au soya, aghalabu huona vinundu vidogo vya mviringo vilivyoshikamana na mizizi. Wapo wanaodhani kuwa huo ni ugonjwa. La hasha! Kinundu kilichopasuliwa kikaonekana chekundu ndani ni ishara kwamba mmea unajitengenezea mbolea.

Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mimea haiwezi kuitumia ikiwa katika hali ya gesi. Mimea ya jamii ya kunde hupata msaada wa bakteria waitwao rizobia, ambao Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga kutoka kwenye vinundu mnamo 1888. Bakteria hao huigeuza naitrojeni kuwa amonia, nao mmea huwalipa kwa sukari.

Hata hivyo, kazi hiyo ina utata. Kimeng'enya kinachoigeuza naitrojeni, kiitwacho naitrojenezi, huharibiwa na oksijeni. Wakati huohuo, bakteria hawawezi kuishi bila oksijeni, kwani ndiyo inayowawezesha kupata nguvu kutokana na sukari. Nguvu hizo si haba: kila molekuli moja ya naitrojeni inayogeuzwa hugharimu angalau molekuli 16 za ATP, ambayo ni hazina ya nguvu ya chembe hai. Oksijeni ikizidi, kimeng'enya huharibika. Ikikosekana, kazi husimama.

Anayesuluhisha utata huo ni leghemoglobini, protini yenye madini ya chuma iliyo na undugu na hemoglobini ya damu ya binadamu. Mwanasayansi wa Kijapani, Kubo, ndiye aliyeitambua mnamo 1939 katika vinundu vya soya. Protini hiyo hutengenezwa na mmea wala si bakteria, na hujaa katika chembe zinazowahifadhi bakteria hao. Huishika oksijeni kwa nguvu, hivi kwamba ile inayobaki huru huwa kidogo mno, kisha huifikisha kwa bakteria kidogo kidogo bila kukoma.

Umuhimu wake ulidhihirishwa na utafiti uliochapishwa mnamo 2005. Wanasayansi walizima jeni za leghemoglobini ya vinundu katika mmea uitwao Lotus japonicus. Vinundu viliota, lakini oksijeni huru iliongezeka ndani yake, naitrojenezi ikatoweka na mmea ukadhoofika kwa njaa ya naitrojeni. Mimea kama hiyo ilipopewa mbolea ya naitrojeni, ilinawiri kama kawaida.

Je, mkulima atanufaikaje na elimu hii? Mimea inapokaribia kutoa maua, anaweza kuchimbua michache kwa uangalifu ili vinundu visikatike, kisha avipasue kwa wembe. Rangi nyekundu au ya waridi huonyesha kwamba kazi inaendelea. Vinundu vyeupe huenda bado ni vichanga, au vina bakteria wasiofaa. Vya kijani kibichi au kahawia vimezeeka, kwa kuwa leghemoglobini yake imeharibika. Ni vyema pia kutofautisha vinundu hivi na uvimbe unaoletwa na minyoo ya mizizi: kinundu hubanduka kwa urahisi, ilhali uvimbe huo ni sehemu ya mzizi wenyewe.

Iwapo vinundu ni vichache au vyote ni vyeupe, mbegu za msimu unaofuata zinaweza kupakwa rizobia wanaoafikiana na zao husika. Udongo wenye asidi nyingi huhitaji chokaa, na ule uliopungukiwa na fosforasi huhitaji mbolea yenye madini hayo. Kwa upande mwingine, kumwaga mbolea nyingi ya naitrojeni kwenye maharagwe ni hasara maradufu, kwani mmea ukishapata naitrojeni tele udongoni hupunguza kuunda vinundu.