Chachu ya Mkate na Mizani ya Muhtasibu

Ramadhani iliyopita nyumbani kwetu ililetwa pakiti ya unga wa mkate, ule uuzwao umekwisha kuchanganywa na hamira, chumvi na sukari. Maandishi yake yaliahidi mkate laini kwa saa moja, nasi tukayafuata neno kwa neno. Wakati wa kufuturu mkate ulikuwa mkubwa machoni, mdomoni hauna ladha. Daku ilipofika ulikwisha kukauka, na wajukuu wakauacha sahanini. Mimi nikarudi vitabuni.

Neno letu hamira asili yake ni Kiarabu, khamira, kutoka shina lenye maana ya kufunika; ndilo shina la khimari, ushungi wa mwanamke. Unga hukandwa, ukafunikwa, ukaachwa. Na hamira ya Waarabu wa kale haikuwa chembe za kopo. Ilikuwa donge la unga wa jana lililochacha, likakandwa pamoja na unga wa leo.

Utakumbuka kisa cha Jabir bin Abdillahi (R.A.) siku za Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, yaani 627. Alikuwa na mbuzi mdogo na pishi ya shayiri, na Mtume (S.A.W.) akaagiza unga usiokwe mpaka afike yeye. Wakala watu elfu moja, wakashiba. Sisi hukitaja kisa hiki kwa ajili ya muujiza wake, na ni haki. Lakini mapokezi ya Bukhari yanataja pia kwamba Jabir alipokwenda kumwita Mtume, ule unga ulikuwa umekwisha kulainika, na wanavyuoni wakafasiri kuwa umeingiwa na hamira. Hata katika njaa ile, watu wamefunga mawe matumboni, mama yule aliupa unga wakati wake.

Katika karne ya 12 huko Sham, Al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wahtasibu, yaani wakaguzi wa soko, na humo mna mlango wa waoka mikate. Mkandaji asikande kwa miguu. Afunge kitambaa usoni, mate yasiangukie unga, na kingine kipajini kwa ajili ya jasho. Kisha akakataza mkate kuokwa kabla haujaumuka, kwani mkate wa namna hiyo ni mzito mizanini na mzito tumboni. Tazama akili ya mzee huyu! Mkate uliuzwa kwa uzani, basi aliyeharakisha alimpunja mnunuzi mara mbili, fedha yake na afya yake. Hii ni ghushi, kama ile ya mfanyabiashara ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo lake la chakula, akakuta juu pakavu na ndani pamelowa.

Ama leo haraka imegeuza sura. Mwaka 1961, huko Chorleywood, Uingereza, ilibuniwa njia ya kuukanda unga kwa mashine yenye nguvu kwa dakika chache na kuuzidishia hamira, na saa nyingi za kungojea zikaondolewa. Mkate hupanda, wala sisemi ni haramu. Lakini kinachokosekana ni kazi ya wale viumbe wadogo ambao Pasteur aliwaeleza mwaka 1857, wanaozaa uchachu. Katika donge la kale wamo pamoja na hamira ya asili. Hamira huuinua mkate. Wao huutia ladha, na ile asidi yao huchelewesha ukungu.

Ukitaka kujaribu, changanya unga wa ngano usiokobolewa na maji, uzito sawa, funika kwa kitambaa, na kila siku ubakishe kidogo uongeze unga na maji mapya. Baada ya wiki moja hivi utaona viputo na harufu ya uchachu mtamu. Waalimu wa mambo haya husema kinachozidi kitupwe. Kwetu chachu ikishakomaa hakitupwi, hutiwa katika chapati. Na kwa joto la mwambao usiuache unga usiku kucha: ukandwe baada ya alfajiri, uokwe baada ya adhuhuri.