Goti lako, gegedu la marehemu

Wadau, kwenye kila timu ya chandimu kuna jamaa aliyestaafu na miaka 25 kwa sababu ya goti. Ukimuuliza, anakwambia "mifupa inasagana." Leo nieleze tiba moja ambayo wengi hatuijui: kupandikizwa gegedu la mtu aliyefariki.

Gegedu ni kile kitu cheupe kinachoteleza, unakiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Kwenye goti linazuia mifupa isisuguane. Ubaya wake, halina mishipa ya damu. Ukijikata kidole, damu inaleta vifaa vya ujenzi na kidonda kinafunga. Gegedu likimeguka, linabaki na shimo.

Shimo likiwa dogo, daktari anatoboa matundu kwenye mfupa ili damu ije kuziba, ila kinachoota hapo ni kama kovu, si imara kama cha mwanzo. Au anachota kipande pembeni ya goti lako mwenyewe. Likizidi sentimita za mraba 2 hivi, kwako hapatoshi kuchota. Hapo anatafutwa mchangiaji.

Familia ikisharidhia, kipande kinatunzwa kwenye nyuzi 4 hivi. Hakigandishwi, maana barafu inaua seli. Vipimo vya Ukimwi, homa ya ini na vingine vinachukua kama wiki mbili, na kikipita siku 28 hivi seli nyingi zimeshakufa. Kwa hiyo mgonjwa ambaye goti lake linalingana ukubwa anapigiwa simu na kwenda upesi. Daktari anachimba duara safi palipoharibika, anachonga kizibo cha kipimo kilekile, mfupa chini gegedu juu, anakishindilia taratibu. Mfupa unaungana, gegedu linaishi kwa majimaji ya goti.

Cha ajabu, hakuna kulinganisha kundi la damu wala kumeza dawa za maisha kama waliopandikizwa figo. Sababu ni ileile: damu haifiki, basi na askari wa mwili hawafiki!

Si jambo la jana. Mjerumani Erich Lexer aliandika habari za upandikizaji wa viungo vya magoti mwaka 1908, na Toronto, Kanada, wanatumia vipande vibichi tangu 1972.

Ila tusidanganyane. Tiba hii ni ya kijana mwenye shimo moja, si ya goti la babu lililochakaa lote. Ni ghali, inahitaji benki ya tishu. Utatembelea magongo wiki 6 au zaidi, na mpira usubiri miezi 6 mpaka 12. Na kipande chaweza kuchoka baada ya miaka.

Kwa hiyo goti likivimba au kukwama baada ya kuumia, usikandwe maji moto ukarudi uwanjani. Eksirei ya kawaida haionyeshi gegedu, MRI ndiyo inaonyesha.

Na swali langu kwenu: ndugu yako akifariki, ungekubali goti lake limsimamishe mwingine? Maoni hapo chini.